Kugeuza Darasa ili Kila Mwanafunzi Azungumze: Mwongozo kwa Mwalimu wa Kiswahili

Tuanze na hesabu. Kipindi ni dakika 40. Darasa lina wanafunzi 50, jambo la kawaida Kondele na Manyatta, Kisumu, au kule Kaptembwo, Nakuru. Mwalimu akieleza kwa dakika 30, zinabaki 10 za wanafunzi kuzungumza. Zigawe sawa: kila mmoja anapata sekunde 12. Kwa sekunde 12 mtu anasalimu, anataja jina lake, anaketi. Na ukweli ni kwamba hazigawanywi sawa. Wale watano wa dawati la mbele huzimaliza peke yao.

Sasa wapange wawiliwawili, wazungumze wote kwa wakati mmoja kwa dakika 20. Kila mmoja amepata dakika 10. Ukiniuliza kwa nini ujisumbue kugeuza darasa la Kiswahili, nitakujibu kwa hesabu hiyo tu.

Kugeuza darasa ni hivi: maelezo ambayo ungeyatoa mbele ya ubao mwanafunzi anayapata kabla ya kipindi, na kipindi chenyewe kinaachiwa mazoezi. Wazo hili lina umri wake. Eric Mazur wa Chuo Kikuu cha Harvard, tangu miaka ya mwanzo ya 1990, aliwataka wanafunzi wake wa fizikia wasome kwanza, kisha darasani wabishane wao kwa wao kuhusu swali moja. Mwaka 2007 walimu wawili wa kemia huko Woodland Park, jimbo la Colorado nchini Marekani, Jonathan Bergmann na Aaron Sams, walianza kurekodi masomo yao kwa ajili ya wanafunzi waliokuwa wakikosa vipindi, na kutoka hapo mtindo huu ukaenea. Waanzilishi wote hao ni watu wa sayansi. Mimi naona sisi wa lugha ndio tunaouhitaji zaidi, kwa sababu kanuni ya kemia unaweza kuielewa ukiwa kimya, lakini kuzungumza hakufunzwi kimya.

Kwetu, kuzungumza kumekuwa mtoto yatima wa ratiba. Karatasi tatu za Kiswahili katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari nchini Kenya, yaani insha, lugha na fasihi, zote huandikwa. Mtaala wa umilisi (CBC) umeipa Kusikiliza na Kuzungumza nafasi yake, lakini mwalimu aliyezoea chaki ataifundisha kwa chaki: ataorodhesha sifa za mazungumzo bora ubaoni, na darasa zima litazinakili pasipo mtu kufungua mdomo.

Kabla ya hatua zenyewe, neno kuhusu mitindo ya kujifunza

Wengi wetu tulifundishwa chuoni kwamba kuna mwanafunzi wa kuona, wa kusikia, wa kusoma na kuandika, na wa kutenda. Mgawanyo huo wa makundi manne ulienezwa na Neil Fleming wa New Zealand, aliyeuchapisha pamoja na Colleen Mills mwaka 1992. Unavutia, na ukitazama darasa lako utaona kama unawatambua wote. Tatizo ni kwamba mwaka 2008 mwanasaikolojia Harold Pashler na wenzake walipitia tafiti zilizokuwepo na hawakupata ushahidi wa kutosha kuwa mtoto akifundishwa kwa mtindo “wake” anajifunza zaidi ya akifundishwa kwa mwingine.

Kwa hiyo usiwape fomu za kupima mitindo, na usimbandike mtoto jina la “wa kuona” litakalomfuata hadi Gredi ya 9. Hata hivyo tofauti zipo: mmoja husikiliza mara tatu ndipo neno limkae, mwingine hawezi kusema sentensi kabla hajaiandika, wa tatu anahitaji kumwona mtu akifanya. Ninavyoshauri ni hivi: ziheshimu tofauti hizo wakati wa kujiandaa, zisahau wakati wa zoezi. Nyumbani kila mmoja ajiandae anavyoweza. Darasani wote wanazungumza. Anayependa kuchora achore bango, sawa, halafu asimame atuelezee.

Hatua ya 1: Chagua tendo moja la kuzungumza

Usianze na mada pana kama “mazungumzo rasmi”. Chagua kitu ambacho mtu hukifanya kwa mdomo: kuelekeza mgeni, kuomba ruhusa, kukataa kwa heshima, kusimulia ajali aliyoiona. Katika mwongozo huu nitatumia tendo moja tangu mwanzo hadi mwisho, kulalamika kwa adabu, kwa sababu lina lugha nyingi ndani yake na kila mtoto wa mjini amewahi kulihitaji. Hali yenyewe ni hii: mvua ya jioni imenyesha Kisumu, na nauli ya matatu imepanda abiria akiwa tayari ameketi.

Hatua ya 2: Rekodi sauti ya dakika tatu, isizidi nne

Sauti, si video. Sauti ya dakika tatu kwenye WhatsApp kwa kawaida haifiki megabaiti moja. Video ya urefu huo inaweza kula makumi ya megabaiti za mzazi aliyenunua bando la shilingi 20. Tena sauti husikilizwa huku mikono ikifanya kazi. Mtoto anayeosha vyombo au kumbembeleza mdogo wake hawezi kukodolea kioo, lakini anaweza kusikiliza.

Mwombe mwalimu mwenzako awe sauti ya pili. Kaeni kwenye chumba chenye mapazia na vitu vingi, au ndani ya gari lililoegeshwa na vioo vimefungwa. Ofisi tupu ya walimu hurudisha mwangwi na maneno hayasikiki vizuri. Usiweke muziki. Mfano:

Abiria: Samahani kaka, nilipopanda uliniambia ni 30.
Kondakta: Hiyo ilikuwa kabla ya mvua, siste. Saa hii ni 50.
Abiria: Naelewa mvua imenyesha. Lakini tulipatana 30 kabla sijaketi, na hizo ndizo nilizo nazo.
Kondakta: Wenzako wote wamelipa 50.
Abiria: Huenda wao uliwaambia mapema. Mimi naomba tufuate tulivyopatana.

Baada ya mazungumzo, eleza kwa sauti yako kwamba abiria amepitia sehemu tatu: amefungua kwa upole, ametaja jambo lenyewe bila kutukana, kisha ameomba suluhisho. Rudia vifungu vinne vya kubeba mkononi: “samahani”, “naelewa… lakini”, “tulipatana”, “naomba tu…”. Malizia kwa maswali mawili. La kwanza la kusikiliza: abiria alikubali jambo gani kabla ya kukataa? La pili la kusema: kondakta akikwambia ushuke, utamjibu nini? Hili la pili mwambie alijibu kwa sauti, huko huko nyumbani, hata kama anayemsikiliza ni mbuzi.

Hatua ya 3: Tengeneza somo hilo hilo kwa sura nyingine mbili

Sura ya pili ni nusu karatasi: mazungumzo yaleyale yameandikwa, vifungu vinne vimepigiwa mstari, na maswali mawili yako chini. Karatasi moja ya A4 ikikatwa inatosha watoto wawili, na wawili wanaoketi pamoja wanaweza kushiriki moja. Sura ya tatu ni kazi ya mtaani: nenda mahali watu wanapopatana au kulalamika, pale Kibuye sokoni, stejini au kwenye foleni ya maji, usikilize, na uje na sentensi moja uliyoisikia. Ikiwa uliisikia kwa Dholuo, Luluhya au Kikuyu, ilete hivyo hivyo. Darasani tutaitafutia Kiswahili chake.

Mwanafunzi achague mojawapo, au zote. Usimchagulie. Wengi hubadilisha kufuatana na wiki, na mara nyingi sababu ni simu ya nyumbani kuliko mtindo wowote wa kujifunza.

Hatua ya 4: Hakikisha somo linafika

Hapa ndipo mpango mzuri hufia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Simu ni ya mzazi, na mzazi anafika nyumbani saa mbili usiku. Ukituma sauti jioni ya kuamkia kipindi, nusu ya darasa haitaisikia. Tuma siku mbili kabla.

Wenye kabambe, zile simu ndogo za vitufe, wasiachwe. Kabambe nyingi zina nafasi ya kadi ya memori na hucheza muziki, ila haziwezi kufungua sauti iliyorekodiwa ndani ya WhatsApp. Rekodi kwa programu ya kurekodi sauti, geuza faili iwe MP3, kisha weka kwenye kadi moja au mbili za shule ambazo watoto watazungusha. Fundi yeyote wa simu anayewawekea watu nyimbo ataifanya kazi hiyo mara moja.

Shule za bweni simu haziruhusiwi, na hilo si kikwazo. Spika ndogo ya bluetooth wakati wa prepu, yaani masomo ya jioni, inatosha. Cheza mara mbili, zima, waache wafanye swali la pili na jirani. Shule ya kutwa isiyo na simu kabisa nyumbani iwe na kituo cha kusikiliza: simu yako na spika kwenye kona ya darasa, asubuhi kabla ya gwaride au wakati wa chakula cha mchana. Umeme ukipotea, betri ya spika iliyochajiwa jana itakuokoa, na ile nusu karatasi haihitaji umeme.

Mweleze mwalimu mkuu mapema, na wazazi pia. Mzazi ambaye hakuambiwa ataona mtoto anaitaka simu kila Jumanne usiku na kudhani ni michezo.

Hatua ya 5: Tiketi ya kuingia

Dakika tatu za kwanza, kila mmoja anamgeukia jirani na kusema sentensi moja ya abiria kutoka kwenye maandalizi, halafu sehemu ipi kati ya zile tatu sentensi hiyo inawakilisha. Wewe tembea, sikiliza. Usiandike majina ya watoro wa kazi ya nyumbani.

Asiyejiandaa aende kwenye kona ya spika kwa dakika tano, kisha ajiunge na kundi akiwa msikilizaji katika mzunguko wa kwanza. Zamu yake ya kuzungumza itakapofika, atakuwa ameyasikia mazungumzo yale mara kadhaa. Kumpa adhabu hakusaidii. Simu iliyozimika haikuwa yake. Na usiwafundishie darasa zima somo upya kwa sababu yao. Ukifanya hivyo wiki mbili mfululizo, waliojiandaa watajua hakuna haja ya kujiandaa.

Hatua ya 6: Kipindi chenyewe

Baada ya tiketi, tumia dakika nne kurekebisha ulichosikia hakijaeleweka, basi. Kisha panga watatuwatatu: abiria, kondakta, msikilizaji. Wanafunzi 50 wanakupa makundi 16, mawili yakiwa na watu wanne. Changanya waliosikiliza sauti na waliosoma karatasi na waliokwenda sokoni, kwa sababu kila mmoja amekuja na kitu ambacho mwenzake hana.

Mizunguko ni mitatu, kila mmoja dakika nne: tatu za kuigiza, moja ya msikilizaji. Msikilizaji ana kazi mbili tu, kutaja kifungu kizuri alichokisikia na mahali ambapo abiria alikaribia kugombana. Wanabadilishana nafasi hadi kila mtu amekuwa kila kitu.

Halafu, na hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, wape kadi mpya ambayo hawakuiandalia. Fundi cherehani alichelewesha sare hadi shule imefunguliwa. Duka limekuuzia unga wenye wadudu. Rafiki amerudisha kitabu kimechanika jalada. Dakika 10. Hapo utaona nani ameshika lugha na nani amekariri abiria wa matatu. Aliyekariri ataanza kumwambia fundi cherehani kuhusu mvua.

Dakika tano kundi moja linaigiza mbele ya wote. Zinazobaki ni za kusahihisha, na chache zitapotea watu wakisogeza madawati.

Kelele zitakuwepo. Mwambie mwalimu wa darasa jirani mapema, au toka nje chini ya mti ikiwa jua halijawa kali. Kubalianeni ishara ya kunyamaza: mkono wako juu, kila anayeuona anainua wake na kufunga mdomo. Usishindane nao kwa kupaza sauti, kwa sababu wao ni 50.

Tendo la wiki likiwa ni kusimulia badala ya kujibizana, tumia mbinu iliyoelezwa na Keith Maurice mwaka 1983: mwanafunzi anasimulia kisa kilekile kwa wasikilizaji watatu tofauti, kwanza dakika nne, kisha tatu, kisha mbili. Kwa Gredi ya 7 na ya 8 mimi naona dakika mbili, moja na nusu, na moja zinatosha. Kila akirudia “eee” na “yaani” zinapungua, bila wewe kusema lolote.

Hatua ya 7: Wasiozungumza na wanaozungumza sana

Mary Budd Rowe, aliyechunguza madarasa nchini Marekani katika miaka ya 1970, alikuta walimu wakisubiri kama sekunde moja tu baada ya kuuliza swali kabla ya kuongeza neno au kumwita mwingine. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalikuwa marefu na wanafunzi wengi zaidi walijibu. Sekunde tatu za kimya ni ndefu kwa mwalimu. Zihesabu kwa vidole nyuma ya mgongo.

Kwa mwenye aibu, kundi la watatu tayari ni nusu ya dawa. Asipelekwe mbele ya darasa hadi ameigiza nafasi hiyo ndani ya kundi. Anayependa kuandika kwanza mpe dakika moja na kikaratasi aandike maneno matatu, si sentensi nzima, maana akiandika sentensi ataisoma. Na yule msemaji mkuu mfanye msikilizaji katika mzunguko wa kwanza. Atateseka kidogo, na itamfaa.

Hatua ya 8: Lafudhi, Sheng na kusahihisha

Usimkatize mtu katikati ya sentensi. Tembea na daftari, andika sentensi tano au sita ulizozisikia, bila majina, na mwishoni ziweke ubaoni darasa lizirekebishe. Kwa kawaida upatanisho wa kisarufi ndio utakaojaza daftari: “hii gari imejaa” badala ya “gari hili limejaa”, “pesa yangu yote imeisha” badala ya “pesa zangu zote zimeisha”.

Matamshi yanahitaji busara. Dholuo haina sauti ya “sh”, kwa hiyo Kisumu utamsikia abiria akiomba, “Kaka, naomba nisuke hapo stejini,” na darasa zima litaanza kucheka kwamba anataka kusuka nywele kwenye matatu. Nakuru ni “l” na “r” zinazobadilishana viti, hasa kwa wanaozungumza Kikuyu nyumbani: kula ikawa kura. Sahihisha pale maana inapobadilika kama hapo, na fanya zoezi la jozi za maneno kwa wote, suka na shuka, kula na kura, ili asiwepo mtoto mmoja anayeelekezewa vidole. Lafudhi isiyoharibu maana iache. Watangazaji wenyewe wanazo.

Kuhusu Sheng, nina msimamo ambao wenzangu wengine hawaupendi: kondakta aruhusiwe. Ndivyo makondakta wanavyozungumza, na sajili, yaani lugha inavyobadilika kulingana na mahali na watu, ni sehemu ya somo letu. Abiria ndiye anayelazimika kushika Kiswahili sanifu hadi mwisho hata kondakta akimwita “msee”. Mwanafunzi akibadilisha nafasi anabadilisha na lugha, na hapo ameonyesha kwa vitendo kile ambacho huwa tunamwandikisha maelezo ya isimujamii.

Hatua ya 9: Tathmini bila kujiua

Huwezi kuwasikiliza 50 kwa siku moja. Chagua wanane kila kipindi, bila kuwaambia ni akina nani, na baada ya vipindi saba umewamaliza wote. Angalia mambo manne tu: anaeleweka, anajibu alichoambiwa badala ya alichokariri, sarufi yake haipotoshi maana, na anaweza kuendelea akikwama. Hilo la nne ndilo hupuuzwa. Anayesema “samahani, nirudie” na kuendelea yuko mbele ya anayenyamaza akiwa na sarufi safi. Usimwandikie “anakaribia matarajio” kwa sababu tu ya lafudhi.

Ukihitaji ushahidi wa sauti, rekodi shuleni. Usidai kila mtoto arekodi nyumbani, kwa sababu utakuwa unapima simu ya baba yake. Na kabla ya kurekodi pata idhini ya mzazi. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaitaka kwa taarifa za watoto.

Ratiba ya kuanzia

Wiki ya kwanza usitume chochote nyumbani. Wafundishe tu kukaa watatuwatatu, kubadilishana nafasi na kunyamaza kwa ishara. Wiki ya pili tumia karatasi peke yake. Ya tatu ongeza sauti. Baada ya hapo geuza kipindi kimoja kwa wiki, vingine viendelee kama kawaida; sarufi nyingi bado inahitaji ubao wako.

Faili za sauti zipe majina yanayotafutika, kwa mfano g8-malalamiko-matatu.mp3, uzihifadhi kwenye flashi ya idara na si kwenye simu yako pekee. Mwalimu wa shule jirani akirekodi maelekezo ya njia na wewe umerekodi malalamiko, mkibadilishana flashi tayari kila mmoja ana vipindi viwili kwa jasho la kimoja. Rekodi za wanafunzi, hizo zisizunguke. Ukishaandika alama, zifute.